Vitambaa vilipita, watu walisimamishwa: somo la 1919 kwa mupaka wetu wa Aru



Tangu inchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tunaambiwa neno moja tu: mulango umefunguliwa. Soko ya watu zaidi ya milioni 300. Bidhaa zitapita, pesa zitapita, maisha yatabadilika.

Sisi hatukatai mulango wazi. Mutu wa Aru hawezi kuukataa. Sukari, sabuni, saruji na mafuta ya pikipiki vinatoka upande wa Arua. Kahawa, mbao na asali vinaenda upande ule. Ariwara unaweza kuuza na kununua siku nzima kwa shilingi ya Uganda bila kugusa franga hata moja. Walugbara, Wakakwa na Waalur wako pande zote mbili za mupaka. Ule mupaka ulikuta watu wetu tayari wanaoana na kuuziana.

Tunachouliza ni kingine: mulango wazi kwa nani?

Tunauliza juu ya hii si mara ya kwanza. Kati ya vita kuu ya kwanza na ya pili, Congo ilikuwa, kwa karatasi, kati ya inchi zilizo wazi zaidi kwa biashara ya dunia. Na wakati ule ule mukulima wa Congo alikuwa kati ya watu waliofungwa zaidi. Mambo haya mawili yalikaa pamoja, katika inchi moja, chini ya sheria ya mutawala mumoja. Kijana ambaye hajui ile historia atadanganywa tena kwa maneno yale yale.

Karatasi ya Saint-Germain

Tarehe 26 Februari 1885, kule Berlin, mataifa makubwa yalikubaliana kwamba katika bonde la Congo wafanyabiashara wa mataifa yote watauza kwa haki sawa. Lile eneo walilichora kubwa sana. Halikuishia kwetu. Lilienda mashariki hadi Bahari ya Hindi, likafunika pia Uganda, Kenya na Tanganyika.

Vita ilipoisha, tarehe 10 Septemba 1919, wakarudia mukataba ule huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Waliosaini ni Marekani, Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa, Italia, Japani na Ureno. Koloni iliruhusiwa kutoza ushuru kwa bidhaa zinazoingia, lakini haikuruhusiwa kubagua. Kitambaa cha Manchester, cha Ubelgiji na cha Osaka vyote vilipashwa kulipa ushuru sawa. Hakuna shefu hata mumoja wa huku aliyeitwa kwenye ile meza.

Musifikiri ule mukataba ulikuwa karatasi ya bure. Ulifanya kazi kweli. Baada ya biashara ya dunia kuanguka mwaka 1929, kila dola kubwa ilianza kujifungia na makoloni yake. Mwaka 1932 Waingereza walikutana Ottawa, Canada, wakakubaliana kupendeleana kwa ushuru ndani ya dola yao. Mwaka 1934 wakaweka kiwango cha juu cha vitambaa vya kigeni katika makoloni yao mengi, wakilenga hasa vya Japani. Lakini Kenya, Uganda na Tanganyika hazikufuata. Si kwa huruma. Ule mukataba wa bonde la Congo ulizuia, na Japani ilikuwa imeusaini. Njo maana miaka ya 1930 kitambaa cha Japani, cha bei nafuu, kilijaa katika masoko ya Afrika Mashariki, na kikaingia Congo pia.

Kwa mama aliyekuwa anatafuta kitambaa, hiyo ilikuwa afazali. Tunalisema wazi: bei ya chini inasaidia maskini. Ubaya ulikuwa kwingine.

Upande wa mukulima

Wakati kitambaa cha Osaka kilikuwa na haki ya kufika kwetu bila kubaguliwa, mutu wa Congo alikuwa na haki gani?

Tangu 1917, sheria ya koloni iliruhusu utawala kumulazimisha mukulima kulima mazao yaliyochaguliwa na Wabeleji, hadi siku 60 kwa mwaka. Dekreti ya mwaka 1933 juu ya utawala wa mashefu ilishika ile hesabu ya siku 60 za kazi za lazima. Wakati wa vita ya pili, mwaka 1942, zikapandishwa kuwa 120. Aliyekataa aliweza kufungwa. Na fimbo ya kiboko, ile ambayo wazee wetu wangali wanaitaja, ilikuwa bado inatumika.

Tuangalie pamba. Mwaka 1920 iliundwa kampuni kubwa ya pamba, Cotonco. Mwaka 1921 dekreti ikagawa inchi kwa maeneo ya pamba. Katika kila eneo kampuni moja tu ilikuwa na haki ya kununua. Uele, jirani yetu wa magharibi, ikawa kitovu cha kazi hiyo. Mukulima alilazimishwa kupanda, alionyeshwa ni wapi apeleke mavuno, na bei alipewa tayari imepangwa na watu wengine. Mununuzi mwingine hakuweza kuja kusema: mimi ninaongeza.

Sasa muweke mambo haya mawili pamoja. Kampuni ya Japani iliweza kukuuzia shati kwa haki sawa na kampuni ya Ubelgiji. Lakini wewe uliyelima pamba hukuweza kumuuzia Mujapani, wala Muhindi wa Uganda, wala mutu yeyote isipokuwa kampuni ya eneo lako. Ushindani uliruhusiwa pale unapotoa pesa. Pale unapopokea pesa, ushindani ulikatazwa.

Na ukisema basi, ninaacha shamba, ninaenda kutafuta kazi mbali? Ulihitaji karatasi ya ruhusa ili kuondoka kwa muda murefu katika eneo la shefu wako. Kitambaa kilivuka bahari bila kubaguliwa. Mutu wa hapa aliombwa karatasi ili kutoka kwao.

Kwa nini walifanya vile? Hesabu ni rahisi. Kama mukulima angekuwa huru kuchagua, kampuni ingelazimika kumulipa vizuri ili akubali kulima pamba. Kwa kumulazimisha, wakaokoa ile pesa. Kodi ilimaliza kazi: ilidaiwa kwa pesa taslimu, na ili kupata pesa ulipashwa kuuza kwao au kufanya kazi kwao. Mulango ulikuwa wazi kwa sababu ndani ya nyumba mambo yalikuwa yamekwisha pangwa.

Zahabu na njia ya kwenda baharini

Kwetu jambo kubwa lilikuwa zahabu. Ilivumbuliwa Kilo mwaka 1903, kisha Moto. Mwaka 1926 migodi ile ilikabidhiwa kwa kampuni ya Kilo-Moto, na Koloni yenyewe ilikuwa mwenye hisa mukubwa. Wafanyakazi walitafutwa katika Ituri na Uele yote, na chakula chao kilipashwa kutoka katika mashamba ya vijiji.

Dunia ilipoanguka mwaka 1929, bei ya pamba ikaanguka, bei ya shaba ikaanguka. Zahabu haikuanguka. Mwanzoni mwa 1934 serikali ya Marekani iliipandisha kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi moja. Koloni ikapata pa kupumulia kwa jasho la watu wa Kilo na Moto. Lakini ile bei ilipangwa Washington, faida ilihesabiwa Bruxelles, na mufanyakazi wa Bambu au wa Watsa hakuulizwa kitu.

Njia nayo ni somo. Njia fupi ya kutoka Ituri kwenda baharini ni ya mashariki: unavuka Ziwa Albert kutoka Kasenyi au Mahagi-Port hadi Butiaba, unapita Masindi na Ziwa Kyoga, unafika reli ya kwenda Mombasa. Mizigo mingi ya Kilo-Moto ilipita pale. Lakini Ubelgiji haikupenda mali ya koloni yake itajirishe reli ya Waingereza. Siasa yao iliitwa njia ya kitaifa. Mwaka 1924 wakaanzisha Vicicongo, reli nyembamba kutoka Aketi kupitia Buta. Ilifika Isiro, wakati ule Paulis, mwaka 1934, kisha Mungbere mwaka 1937. Kutoka Aketi mizigo ilishuka kwa mito hadi Léopoldville, kisha Matadi, kisha Antwerp. Tazameni karta: ni kuzunguka nusu ya Congo ili mali ifike katika mikono ileile.

Mukataba ulikataza kubagua kwa ushuru. Haukukataza kupanga reli, bei ya usafiri na vibali ili mali ifuate njia unayoitaka. Ukisoma sheria ya biashara, usisome ushuru peke yake. Soma pia nani anashika barabara na nani anatoa kibali.

Shilingi na franga

Kuna jambo lingine ambalo mutu wa Aru ataelewa haraka kuliko mutu wa Kinshasa. Septemba 1931 Uingereza iliachana na zahabu, pauni ikashuka. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwa pauni, nayo ikashuka. Franga ya Ubelgiji, na ile ya Congo pamoja nayo, ilibaki juu hadi Machi 1935, ndipo Ubelgiji ikaipunguza thamani kwa asilimia 28. Kwa miaka zaidi ya mitatu, kitu kilichouzwa kwa shilingi kilikuwa rahisi kwa mwenye franga, na kitu cha Congo kilikuwa ghali kwa mwenye shilingi. Halafu ikapinduka. Mukulima hakubadilisha jembe wala mbegu. Watu wa London na Bruxelles njo walibadilisha thamani ya jasho lake.

Leo pia tunaamka tunakuta shilingi imepanda au dola imepanda, na hakuna anayetueleza. Musione hiyo kama hali ya hewa. Ni maamuzi, na maamuzi yana wenyewe.

"Lakini barabara zilikuwa nzuri"

Tunalisikia kila siku, hata kwa vijana: wakati ya Wabeleji barabara zilikuwa nzuri, kulikuwa na utaratibu. Tunawaheshimu wazee wetu, na tunajua wanachokililia: wanalilia Leta inayofanya kazi. Sisi pia tunaililia. Lakini tujibu kwa ukweli. Barabara zilikuwa nzuri juu vijiji vililazimishwa kuzitengeneza, ndani ya zile siku za kazi za lazima. Na zilienda pale mali ilipo. Barabara iliyotengenezwa kwa lazima ili kutoa pamba na zahabu si zawadi.

Na watu wa huku hawakunyamaza. Mwaka 1919, mwaka uleule wa Saint-Germain, Walugbara wa upande wa Arua walisimama katika mambo ya Yakan, maji matakatifu yaliyoletwa na nabii Rembe, mutu wa Kakwa, ambaye Waingereza walikuwa wamekwisha kumunyonga Yei mwaka 1917. Sisi hatufuati njia ya silaha, na Ituri imeona damu ya kutosha. Tunawakumbuka ili mujue: wakati wakubwa walisaini Ulaya, huku watu walikuwa wanasema hapana.

Leo

Tulinganishe. Kahawa ya Aru na Mahagi inavuka kwenda Uganda, na mukulima hajui bei ya Kampala wala ya Mombasa. Anajua tu ile ambayo mununuzi anamutajia mbele ya gunia, siku ambayo mutoto anafukuzwa shuleni kwa kukosa minervali. Hakuna dekreti ya 1921 tena. Lakini mutu asiyejua bei, asiye na gala, na mwenye deni, anauza kwa mununuzi mumoja kama zamani.

Zahabu ya wachimbaji wadogo wa Ituri, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi kwamba inapitishwa kwa siri Uganda na kuishia Dubai. Mugodi mukubwa wa Kibali, katika Watsa, ulitoa zahabu yake ya kwanza mwaka 2013: Barrick asilimia 45, AngloGold Ashanti asilimia 45, na SOKIMO, kampuni ya Leta, mutoto wa ile Kilo-Moto ya 1926, asilimia 10. Kumi. Na tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa ajili ya vita, na ndani yake milioni 60 kwa mali ya asili. Mwaka uleule tukaingia soko moja na Uganda. Tunataka amani na majirani, na biashara nao ni chakula chetu. Lakini mutoto wa Ituri ana haki ya kuuliza ile pesa inafika wapi.

Na kwenye mupaka wenyewe? Dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu za kufanya kazi kwenye mipaka yetu: duane, uhamiaji, Ofisi ya Kongo ya Udhibiti (OCC), na usafi wa afya. Nne. Mupite siku ya soko, muhesabu meza wenyewe. Kisha muhesabu bariere kutoka mupakani hadi Bunia. Mwenye lori ya saruji ana mutu wa kumushugulikia karatasi zake zote mara moja. Mama mwenye beseni ya samaki analipa hapa, analipa pale, bila risiti, na jioni faida imekwisha. Hapo tunarudi palepale: muzigo mukubwa unapita, mutu mudogo anasimamishwa.

Tunachodai

Kuna wanaotuambia: basi mufunge mupaka, mulinde bidhaa za inchi. Hapana. Kufunga mupaka Aru ni kumupa kazi mutu wa magendo na kumunyima chakula mama wa soko. Hatudai ukuta. Tunadai kwamba uhuru unaopewa bidhaa upewe kwanza mutu anayezizalisha na kuzibeba.

1. Bei zote za ushuru na kodi zibandikwe mupakani na kwenye kila soko kubwa, kwa Kiswahili, Lingala na Kilugbara, kwa herufi ambazo mama anaweza kuzisoma. Pasipo risiti, pasiwe malipo.

2. Huduma ambazo hazikutajwa na sheria ziondoke mupakani. Bariere zisizo na sheria zivunjwe na Leta yenyewe.

3. Mukulima wa kahawa apate habari ya bei ya Kampala na ya dunia kila wiki, kwa redio na simu, na awe huru kumuuzia anayetaka, peke yake au kwa ushirika. Pasiwe kibali cha siri kinachomupa mununuzi mumoja eneo zima.

4. Sheria ya migodi ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha ibaki kwa maeneo ya chini ambako mugodi uko, na 25 kwa jimbo. Katika Haut-Uélé na Ituri, hesabu zisomwe hadharani, mbele ya wanainchi: ni kiasi gani kilifika, ni nani alipokea, kilijenga nini.

5. Kabla wakubwa hawajasaini kitu kingine kuhusu ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, waketi na wafanyabiashara wadogo wa Aru na Mahagi. Mwaka 1919 hatukuwa mezani. Mara hii tunajua njia ya kufika mezani.

Na wewe kijana unayesoma hii kwa simu, una kazi. Ukilipa, omba risiti. Ukinyimwa, andika siku, saa, mahali na kiasi, halafu utuletee. Usipige mutu, usitupe jiwe, usitukane. Leta hesabu. Wenzetu wa zamani walishindwa juu karatasi zote zilikuwa mukononi mwa mutawala. Sisi tunaweza kuwa na karatasi zetu.

Yule anayekuambia soko ni huru, umuulize maswali matatu: nani anapanga bei, nani anashika barabara, nani anahitaji ruhusa ili kupita? Akishindwa kujibu, ujue tungali mwaka 1919.

Vijana wa mvuguvugu la wanainchi, Aru